Kubadili injini: pesa hazipotelei kwenye ufundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mwenye gari akimpa fundi kazi ya kubadili injini anatupa hela, kwa kuwa kazi yenyewe ni kufungua bolti na kuzifunga tena. Nilipomaliza kuisoma barua yake nilikwenda kuchukua daftari langu. Mimi ni karani mstaafu wa hesabu, nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, na tabia ya kuandika kila shilingi inayotoka haijaniacha. Katika daftari hilo zimo hesabu za injini mbili zilizobadilishwa hapa Tanga. Moja ni ya Noah yangu, iliyofungwa na fundi wa Ngamiani. Nyingine ni ya Corolla 110 ya mdogo wangu, mwalimu wa sekondari, aliyeifunga mwenyewe nyumbani kwake Sahare akisaidiwa na vijana wawili wa ukoo. Kwamba pesa zinapotea, msomaji huyo kasema kweli. Ila hazipotelei kwenye mfuko aliouonyesha yeye.

Nianze na Noah. Ni ile ya zamani, SR40, yenye injini ya 3S, lita mbili, silinda nne. Asubuhi inapeleka wanafunzi shule, baada ya hapo inakodiwa, na msimu wa machungwa haikauki njia ya Muheza. Siku iliyokufa ilikuwa inarudi na mzigo. Hozi ya chini ya rejeta ikapasuka, mshale wa joto ukapanda, dereva akaona afadhali afike Pongwe kwanza ndipo asimame. Alifika. Fundi alipochomoa kijiti cha oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana maji yalikwisha kuingia kwenye oili, na silinda hedi ilipolazwa rula ya chuma, mwanga ulipita chini ya rula, yaani hedi ilikuwa imepinda.

Kulikuwa na habari ya kufanya ovahoo: kuchonga hedi, ringi, beringi, seti nzima ya gasketi. Ilikuwa inakaribia bei ya injini ya mtumba, tena juu ya bloku (mwili wenyewe wa injini) ambayo imeshachemshwa. Sikubishana nayo sana. Nikachagua injini.

Hesabu zake ni hizi. Injini tupu, bila stata wala altaneta, shilingi 1,300,000. Nauli yangu na ya fundi kwenda Dar es Salaam na kurudi, chakula, lori lililoileta injini na guta la kuifikisha gereji, 165,000. Ufundi 250,000. Kisha unakuja ukurasa wa pili wa daftari, ambao ndio ulionitia hamu ya kuandika barua hii: oili na filta, taiming belti na beringi yake ya kukazia, pampu ya maji, sili za oili za mbele na nyuma, plagi nne, kulenti, themostati, mauntini mbili, hozi mbili za rejeta na klipu zake, gasketi za manifoldi, silikoni, kuosha rejeta, oili ya giaboksi. Katika vyote hivyo hakuna kimoja kilichofika laki moja. Nilipovijumlisha nilipata 508,000, mara mbili ya alichochukua fundi na zaidi. Soda za saidia fundi sikuziandika, ingawa nazikumbuka.

Jumla kuu ilikuwa 2,223,000. Ukitoa ufundi wote, ukasema fundi kafanya bure, unaokoa kama shilingi 11 katika kila 100. Hizo ndizo pesa ambazo msomaji wetu anataka tuzipiganie kwa kujilaza chini ya gari na kuingiwa na mchanga machoni.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nilinunua belti, pampu na sili mpya wakati injini ilikuja na vya kwake. Injini ya mtumba hujui imetembea kilomita ngapi. Anayekuuzia naye hajui, hata akuapie. Ikiwa bado imelala kwenye matairi mabovu sakafuni, belti na pampu vinabadilishwa mtu amekaa kwenye kigoda. Ikishafungwa ndani ya Noah, kazi hiyo hiyo inataka viti vya mbele vitoke na fundi ajikunje. Sili ya nyuma ndiyo mbaya zaidi. Inakaa kati ya injini na giaboksi, bei yake ni ya kilo chache za unga, lakini ikianza kuvuja baada ya kufunga, utatenganisha injini na giaboksi upya na kulipa ufundi mara ya pili. Kwa 3S ya kawaida belti ikikatika vavu hazigongani na pistoni, gari linazima tu, na wapo mafundi wanaokutuliza kwa maneno hayo. Nami nasema kuzima ni kuzima. Nani anataka kuzima njia ya Segera usiku na watoto wa watu ndani?

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenye magari tunalijua sote na tunalisema kwa kunong'ona: cha juu, ile nyongeza ya fundi inayofichwa ndani ya bei ya vipuri.

Fundi wangu aliniomba 200,000 ya ufundi. Nikamwambia nitampa 250,000. Alicheka, akasema, "Bi mkubwa, mimi nimezoea kushushiwa, leo unanipandishia?" Nikampa masharti yangu. Yeye ataandika orodha ya vitu, mimi nitakwenda dukani mwenyewe, risiti zitakaa kwangu, na kila kitu cha zamani kitakachotoka kwenye gari ni changu. Akafikiri kidogo, akakubali, na orodha akaiandika vizuri kabisa, mpaka idadi ya klipu.

Nilikwisha kumtuma dereva kabla yangu, akafuatana na kijana wa gereji, kuuliza bei tu. Pampu ya maji aliambiwa 75,000. Mimi nilipokwenda peke yangu, duka lile lile, nimejitanda khanga yangu na orodha mkononi, niliuziwa 55,000. Belti yeye aliambiwa 65,000, mimi nikaipata kwa 45,000. Simlaumu muuza duka. Fundi ndiye anayemletea wateja kila siku, lazima ampoze. Wala simlaumu fundi sana. Mtu anashusha injini na kuipandisha, anashinda mgongo chini, halafu tunambana kutoka laki mbili mpaka laki na ishirini na kuondoka tunajisifu kwamba tunajua kupatana. Yeye ana kodi ya gereji, ana vijana wawili wa kulisha, na watoto wake wanataka ada. Zile 80,000 tulizomnyang'anya mlangoni anazifuata dukani, na huko hazirudi peke yake, zinarudi na nyingine. Kwenye manunuzi yangu ya 508,000, cha juu cha robo tu kingekuwa 127,000. Mimi nililipa 50,000 nikakikata kabisa, na fundi akafanya kazi uso umekunjuka.

Ndiyo maana swali la kujifanyia au kuajiri mimi naona linaulizwa upande usio wake. Kazi ya mikono mpe mwenye mikono. Kazi ya kununua na kutunza risiti usimwachie mtu, awe fundi, awe dereva, awe shemeji yako.

Kununua injini yenyewe nako kunataka jicho, na hapa ndipo fundi alipojilipia nauli yake. Tulikwenda Gerezani. Mwenye duka la kwanza alikuwa na 3S safi inayong'aa, imepigwa brashi na petroli. Fundi aliizunguka, akainama akatazama sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini, akaniambia twende. Nje ndipo akanieleza. Ile ilitoka kwenye Ipsum. Jina lake ni 3S na ujazo ni ule ule, lakini Ipsum injini yake imekaa kwa upana wa gari na Noah imekaa kwa urefu, tena imeinamishwa. Sampo si moja, vishikio vya mauntini si vimoja, manifoldi zinataka kuhamishwa kutoka injini ya zamani. Yote yanawezekana, ila kila "inawezekana" ni gasketi na siku. Kuna na 3S nyingine za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Hiyo ndugu yangu msomaji uiache kabisa, waya zake na kontroboksi yake, ile kompyuta ya injini, ni nyingine. Mdogo wa mtu akiagiza kwa simu "niletee 3S" analetewa 3S, na hana wa kumlaumu.

Duka la pili walikuwa na ya Noah. Fundi akaomba betri na stata, akafungua plagi zote nne, akakaza kipimo cha kompresheni, cha kuonyesha silinda inabana hewa kwa nguvu gani, kwenye tundu la kwanza na kumwambia kijana azungushe. Silinda ya tatu ilisoma 120, nyingine zikiwa juu ya 160. Mwenye duka akaanza kusema ikipata oili itapanda. Tukamshukuru. Ya tatu, kwa jirani yake, ilisoma 165, 170, 170 na 160. Kwa injini ya aina hii kiwango cha chini kabisa ni 142 kwa kipimo cha paundi kwa inchi ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Fundi hakuishia hapo. Alifungua kifuniko cha oili akachungulia na tochi ya simu kama kuna tope jeusi, akaingiza kidole, akakinusa. Ndiyo hiyo tuliyoilipia. Kama muuzaji anakataa injini isipimwe, kwa kisingizio cha betri au cha haraka, hiyo hela yako ina mlango wa kutokea. Nenda duka linalofuata.

Sasa Corolla ya mdogo wangu, ambayo msomaji wetu angeipenda.

Ilikuwa likizo. Injini ya zamani ilikuwa inakula oili mpaka anatembea na dumu kwenye buti. Fundi mmoja alimwomba 180,000 ya ufundi, akaona afanye mwenyewe. Alinunua injini ya 5A kwa 950,000, lori likamtoza 60,000, vitu vidogo vikamla 390,000. Seti ya spana za boksi, jeki ya maana na stendi mbili zilikuwa 210,000, na cheni bloku ya kunyanyulia injini aliikodi kwa 50,000. Bolti moja ya egzosi ilikatikia ndani, akamwita mtu wa kuchomea, 15,000. Jumla 1,675,000. Ukitazama vizuri, zana peke yake, pamoja na ile cheni bloku ya kukodi, zimezidi ufundi aliokuwa anaukimbia kwa 80,000. Lakini zana zimebaki, na tangu hapo ameshawafungia majirani klachi na breki, na amekuwa mgumu: seti yake ya boksi haiazimishwi hata kwangu mimi dada yake.

Na sitamnyima haki yake. Kazi aliifanya safi kuliko nyingi nilizoziona gereji. Kila soketi ya waya aliyochomoa aliizungushia plasta nyeupe ya hospitali na kuiandika namba, na pale ilipotoka akabandika plasta yenye namba hiyo hiyo. Bolti aliziweka kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na sehemu yake. Kabla ya kuchomoa kitu alikipiga picha. Fundi wa gereji hafanyi hivyo, anategemea kichwa chake, na kichwa kikivurugwa na simu za wateja wengine ndipo unaona gari linawaka taa ya injini wiki nzima kwa sababu soketi mbili zinazofanana zimebadilishana. Kwa subira ya namna ile, mtu anayejifanyia anaweza kumshinda fundi. Wifi yangu aliyekuwa akiwapikia vijana wali kila mchana ana maoni yake kuhusu hesabu hii, nami namwachia.

Liko jambo moja ambalo mdogo wangu alilijua na vijana fulani wa Duga hawakulijua. Gari la otomatiki lina duara zito linalokaa kati ya injini na giaboksi, mafundi wanaliita konvata. Ukitenganisha injini, konvata inaweza kuteleza mbele kidogo bila wewe kuona. Kabla ya kurudisha injini unatakiwa uisukume huku unaizungusha taratibu, inaingia hatua ya kwanza, ya pili, kisha inadumbukia ya mwisho. Ndipo unaweka rula kuona imezama ndani ya mdomo wa giaboksi. Injini ikisogezwa, inatakiwa ikutane na giaboksi kwa mkono, ikae yenyewe, na konvata ibaki inazunguka kwa kidole. Wale vijana iliwabakia nafasi ya unene wa kidole kati ya injini na giaboksi. Wakaona ni uvivu wa chuma, wakaweka bolti na kuzivuta kwa spana ndefu mpaka ikafunga. Ilifunga. Ndani pampu ya oili ya giaboksi ilikuwa imepasuka. Injini iliwaka vizuri sana, ikanguruma, gari halikusogea mbele wala nyuma. Wakatafuta giaboksi nyingine, na ile laki mbili ya ufundi waliyoiokoa ikawa hadithi ya mtaa.

Lakini gharama iliyo kubwa kwa sisi wenye magari ya biashara haimo kwenye risiti yoyote. Noah yangu inaniletea hesabu ya 35,000 kwa siku. Tangu ilipochemka mpaka iliporudi barabarani ilikaa wiki na ushee, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kutafuta injini na kuisafirisha. Kushusha na kupandisha kwenyewe fundi na vijana wake walimaliza upesi. Corolla ya mdogo wangu ilikaa chini ya mkwaju likizo nzima na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Yeye haikumuuma, anakwenda shule kwa baiskeli kama mwana Tanga yeyote. Ingekuwa Noah yangu imekaa muda ule, ningepoteza hesabu inayozidi ufundi mara kadhaa, na wazazi wa wanafunzi wangekuwa wameshapata gari lingine. Gari la nyumbani linaweza kungoja Jumamosi hadi Jumamosi. Gari la hesabu haliwezi.

Na magari hayafanani. Corolla unafungua boneti, unaning'iniza cheni, injini inatoka kwa juu. Noah ile ya zamani injini yake imo chini ya viti vya mbele na inatokea chini, kwa hiyo gari zima linanyanyuliwa juu kiasi cha injini kupita chini yake. Gereji wana stendi za chuma na sehemu ya saruji. Nyumbani nimeona watu wanapanga matofali. Tofali la saruji halipindi likakuonya, linapasuka ghafla, na wewe uko chini na kitu cha zaidi ya kilo mia moja juu ya kifua. Hapo sitaki hata mjadala wa shilingi. Mwenye Noah, Townace au Hiace, kama huna vifaa na sakafu, mpelekee mwenye navyo.

Injini mbovu nayo ina hesabu zake. Siku gari linatoka gereji utasikia, "Mama, hii takataka niachie tu nitaitupa." Haitupwi. Stata na altaneta zako zimehamia injini mpya, sawa, lakini imebaki kranki, konrodi, kamshafti, manifoldi, na chuma chenyewe cha bloku kinachonunuliwa kwa kilo. Mimi nilipata 180,000 kwa vile vilivyotoka, bila kuondoka Ngamiani. Kwa hiyo Noah yangu mwishoni ilinigharimu 2,043,000. Kama unaajiri fundi, hilo liseme siku ya kwanza mnapokubaliana ufundi; ukilisema siku ya mwisho unaonekana bahili, na kusema kweli kama hamkuliongea yeye naye ana haki ya kudhani ni lake.

La mwisho ni la kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, pamoja na namba ya chesisi. Ukibadili injini, kadi yako inasema jambo moja na bloku inasema lingine, na hilo linatakiwa kurekebishwa TRA, mamlaka ya mapato, baada ya gari kukaguliwa. Wengi hawafanyi. Wanangoja siku ya kuuza gari, mnunuzi analeta fundi wake na tochi, anakuta namba hazilingani, bei inaanguka papo hapo au mnunuzi anaondoka akidhani gari ni la wizi. Fundi hatakukumbusha, kwa sababu kadi si yake. Na anayejifanyia mwenyewe ndiye anayesahau zaidi: akishaona gari limewaka anaona kazi imekwisha.

Mdogo wangu alilikumbuka akiwa na karatasi isiyo na maana. Injini yake aliinunua kwa simu, pesa zikaenda kwa simu, na alichopata ni karatasi ya kawaida iliyoandikwa "injini 1". Injini moja ipi? Ya nani? Ilimbidi amfuate muuzaji upya kwa simu na kumbembeleza, mpaka akapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyotakiwa kutolewa tangu mwanzo.

Basi ombi langu kwa wauzaji wa injini, wa Dar es Salaam na wa hapa kwetu, ni dogo. Kila injini inayotoka dukani iandikiwe namba yake kwenye risiti. Imegongwa kwenye bloku, inasomeka ukiifuta kwa kitambaa chenye petroli. Yule aliyeniuzia injini ya Noah nilimwomba, akaiandika kwa kalamu nyuma ya risiti na kugonga muhuri wa duka juu yake, na ilimchukua muda mfupi kuliko aliotumia kuhesabu noti zangu.

Karani mstaafu,
Makorora, Tanga